Namba Mbili Zaidi

Jumanne, 8 Oktoba

Daktari wa kliniki ya presha kaniambia nikikasirika nisiwatolee watu maneno, niandike. Binti yangu Maulida akaniletea daftari hili lenye jalada gumu, akasema mama, hili litajaa kabla ya Krismasi. Mdomo kaurithi kwangu. Haya, mimi ni Sihaba binti Abdillah, fundi viatu, banda langu liko Mkolani karibu na kijiwe cha bodaboda. Leo sijakasirika sana.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Banda limevuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo nimekasirika.

Nimerudi kutoka msikitini nikamkuta Evelina amekaa kwenye benchi la wateja na mfuko wa sandarusi mapajani. Evelina ana miaka kumi na mitatu, mpole, mwembamba, miguu mirefu. Ndiye yule anayeteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye uwanja wa basketi nyuma ya kanisa, anaruka na kuzunguka hewani mpaka vijana wa bodaboda wanawasahau abiria. Mwalimu wake, Nathaniel, alituma video zake Nairobi kwa mama mmoja anayefundisha watoto kuteleza kwenye barafu. Huyo mama alijibu: mlete Jumamosi ya tarehe 14 Desemba, nachagua watoto sita wa kufundisha bure mwaka mzima. Sharti ni moja. Mtoto aje na viatu vyake mwenyewe, na viwe vimemkaa, maana vya kukodi pale vimelegea vyote.

Viatu vyenyewe ndivyo vilivyokuwa kwenye mfuko. Vyeupe, ngozi nzito, vinapanda mpaka juu ya kifundo, na chini vina chuma chembamba kirefu kama kisu cha mkate. Baba yake alimwagiza dereva wa lori akavitoa Nairobi. Ni mtumba, lakini mtumba wa heshima. Mwalimu anataka ning'oe vyuma, nifunge magurudumu, mtoto avizoee hapa kwetu kwenye saruji, halafu wiki ya safari nirudishe vyuma. Kazi hiyo naiweza.

Nikamwambia avae nione. Akavaa soksi tatu za mpira, moja juu ya nyingine, akakaza kamba, akasimama. Nikaingiza kidole nyuma ya kisigino, kikaingia. Nikaongeza cha pili, nacho kikaingia. Namba thelathini na tisa kwenye mguu wa thelathini na saba! Nikamuuliza nani kanunua namba hii. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni baba, ili akue navyo.

Baba yake namjua. Nkwabi, mtu wa Misungwi, ng'ombe wake wako huko na nyumba yake iko hapa juu. Ana kofia, ana sauti, na anatembea kwa kuburuta miguu, pwata, pwata, unamsikia kabla hujamwona. Maringo tu. Mtu wa aina hiyo haulizi fundi, anajua mwenyewe.

Nimeweka sponji nyuma na soli nene ndani, kama ninavyofanya kwa viatu vyote vya shule. Vitamkaa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Nimefunga magurudumu. Skrubu nane kila kiatu, mkono unauma.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Hakuna mazoezi, uwanja umejaa maji. Hakuna wateja. Presha nzuri.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefunga banda mapema nikaenda kuangalia kazi yangu. Evelina kaanguka mara tatu nikiwa pale. Kila akitaka kuruka, kisigino kinapanda kwanza peke yake ndani ya kiatu, halafu kiatu ndiyo kinafuata. Akirudi chini, kifundo kinalala ubavu. Mwalimu Nathaniel, kijana mstaarabu anayeniamkia mpaka nakasirika, alinieleza kwamba kiatu hiki si cha kutembelea. Mguu ukicheza ndani hata kidogo, chuma kinakwenda kusikotakiwa. Nikamwambia nitaongeza sponji.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeongeza sponji. Ile ya kwanza ilikuwa imebonyea, imekuwa nyembamba kama chapati.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimeongeza tena. Evelina anasema viko sawa. Huyu mtoto hata ukimkanyaga atakuambia viko sawa.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo nimevikagua mwenyewe kwa ndani, na kwenye ile sponji ya nyuma kuna damu iliyokauka.

Nikamwita Evelina, nikamwambia avue soksi. Hakutaka. Nikamwangalia kwa jicho alilozoea Maulida, akavua. Visigino vyote viwili vimechubuka, kimoja kina usaha, na ule mfupa wa kifundo umevimba. Wiki tatu anatembea hivyo kwenda shule na kurudi, na mimi naongeza sponji. Nilimwosha kwa maji ya chumvi. Machozi yanamtoka na bado hasemi inauma.

Nikamwambia nampigia baba yake sasa hivi. Hapo ndipo alipozungumza.

"Usimwambie, mama Maulida. Alivisubiri miezi miwili hivi viatu. Vilipofika alilala navyo chumbani kwake."

Simu nimeirudisha mezani, sikupiga. Nina hasira na yule mwanamume hata sindano inanitoka mkononi. Mtu anamnunulia mtoto kitu cha kumtesa, halafu mtoto ndiye anayemlinda baba.

Jumatano, 6 Novemba

Mwalimu Nathaniel alikwenda msibani Nansio na meli haijatoka siku mbili, ziwa limechafuka. Hakuna mazoezi. Namshukuru Mungu kwa mawimbi.

Jumapili, 10 Novemba

Mwalimu karudi jana, na leo mchana Evelina kaanguka vibaya. Mguu wa kulia. Haukuvunjika, mganga wa zahanati kasema mishipa imevutika, apumzike siku kumi. Zimebaki wiki tano kasoro siku moja.

Mwalimu kaja bandani, kakaa, kazungusha chupa ya maji mikononi. Kasema ama viatu vimkae, ama asiende. Hawezi kumpeleka mtoto juu ya barafu akavunjike shingo mbele ya wageni.

Mimi dawa yake naijua, na nimeijua tangu siku ile nilipoingiza vidole viwili, ila nilikuwa nakwepa. Ni kufumua kiatu chote kwa nyuma, kukata soli upana wa kidole, kuingiza kisigino ndani na kushona upya. Ukishakata hakuna kurudi. Kiatu kitakuwa cha mguu wa leo tu. Na kiatu si changu. Nimetuma ujumbe Misungwi kwamba baba Evelina aje.

Jumanne, 12 Novemba

Sijui nianzie wapi. Leo siandiki kwa hasira.

Saa nne asubuhi nikasikia pwata, pwata. Nkwabi akaja, akavua kofia, tukasalimiana. Sikumpa hata nafasi ya kukaa vizuri. Nilimpa yote niliyokuwa nimeyaweka tangu Oktoba. Nilimwambia mtoto si ndama wa kununuliwa kamba ndefu. Nilimwambia mwanao ana vidonda kwa sababu ya ubishi wako. Nilimwambia watu wenye akili wanauliza kwanza, hapa hapa wapo mafundi, unaacha kuuliza unajinunulia namba ya kichwani kwako. Vijana wa bodaboda wote wakageuka kusikiliza. Mzee wa watu kakaa, kofia gotini, anatazama chini. Nilipoishiwa pumzi akainua uso. Hakuwa na sauti ile ninayoijua.

"Mama Maulida," akasema, "ni wewe uliyeniambia niongeze namba mbili."

Nikacheka kwanza. Nikamwambia asinisingizie. Basi akanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Ilikuwa mwezi wa nane, Ijumaa. Alikuja hapa hapa kabla ya kumpigia dereva, kwa sababu yeye viatu havijui na hakutaka kukosea. Akaniuliza, mtoto anayevaa thelathini na saba nimchukulie ngapi. Mimi nilikuwa nashona begi la shule. Sikuinua kichwa. Nikasema ongeza mbili, mtoto anakua. Akampigia dereva mbele yangu, amesimama pale kwenye ndoo.

Begi nililikumbuka. Jekundu, zipu imekufa. Kisha nikaikumbuka na sauti yangu.

Hata sikumuuliza viatu vya nini. Nasema hivyo kwa kila mzazi, tangu nirithi banda hili, mwaka wa ishirini na mbili huu. Ongeza mbili. Weka sponji. Atakua navyo. Watoto wote wa Mkolani wanaenda shule wanaburuta viatu kwa ushauri wangu, na mimi nawaona wanapita na kusema watoto wa siku hizi hawajui kutembea.

Nilimwambia, baba Evelina, nimekukosea. Nilisema kwa sauti ili na wale vijana wasikie, maana matusi waliyasikia. Yeye akavaa kofia yake, akauliza kama mtoto bado anaweza kwenda. Nikamweleza habari ya kukata. Akasema atafikiri, akaondoka. Sikuthubutu kumwangalia anavyotembea.

Jumatano, 13 Novemba

Presha mia moja na sabini. Nimenyamaza siku nzima, wateja wanadhani naumwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda kwao. Nkwabi alikuwa nje anafunga uzio, akasema karibu, akaendelea kufunga. Mama Evelina, Dorcas, akanipa chai na karanga jikoni. Yeye ni mtu wa kusema chini chini. Aliniambia nisimchukulie vibaya mume wake. Kwao walikuwa wavulana saba na jozi moja ya viatu, inashuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, ikimfikia yeye ni ya kujazia karatasi. Siku ya harusi yao alivaa viatu vya kaka yake. Kwa Nkwabi, kumnunulia mtoto kiatu kikubwa, chake peke yake, kitakachomkaa miaka mitatu, ni kumpa mali.

Nimemaliza chai yangu. Mwezi mzima nimemwita mwenye maringo.

Baadaye Nkwabi akaingia, akanawa mikono, akauliza swali moja tu. Vikikatwa, mwakani je? Nikamwambia ukweli. Mwakani havitamwingia. Pengine hata Juni havitamwingia. Akamwangalia Evelina aliyekuwa amekaa mlangoni na mguu juu ya ndoo.

"Kata," akasema.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimefungua kasha la baba yangu, fundi aliyeniachia banda hili. Mle ndani kuna miguu yake ya mti, ile aliyokuwa akiivalisha kiatu wakati wa kushona, na chini yake maboksi yaliyokatwa, kila moja limechorwa wayo wa mtu na jina. Marehemu baba hakushona kiatu bila kupima. Alimsimamisha mtu kwa miguu yote miwili, maana aliyekaa ana wayo mfupi kuliko aliyesimama. Mimi niliacha. Namba iliyoandikwa chini ya kiatu iliniondolea kazi.

Nimemsimamisha Evelina juu ya boksi, nikapiga magoti, nikachora. Penseli inamtekenya, akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Kumbe mguu wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia kwa upana wa punje ya mchele. Ningejuaje, na sikuwahi kupima.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimefumua. Sijakata.

Jumanne, 19 Novemba

Nimenoa kisu mara tatu. Sijakata.

Jumatano, 20 Novemba

Nimekata, bismillahi. Mvua inapiga bati, sikusikia hata kisu kinavyopita.

Jumapili, 24 Novemba

Siku nne nashona. Uzi nimeupaka nta, kila tundu napitisha mara mbili. Sponji zote nimezitupa kwenye moto, zimenuka mtaa mzima.

Jumanne, 26 Novemba

Leo ni kile alichokuwa akifanya baba kwa buti za askari. Unalowesha ngozi kwa maji ya vuguvugu, mtu anavaa kwa soksi moja nyepesi, anafunga kamba, anakaa navyo mpaka vikauke mguuni. Ngozi inajifunza mguu wake. Shida ni kwamba vuli hii hakuna kinachokauka. Nimewasha jiko la mkaa, nimelisogeza kwa mbali, na Evelina amekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni, kesho tena hivyo hivyo. Shule wamemruhusu kwa sababu mguu bado haujapona sawasawa.

Nkwabi alimleta. Nilidhani atamwacha aende zake. Akakaa naye siku nzima, anampepea jiko lisizime, anamsimulia habari za ng'ombe mmoja aliyekuwa anafungua mlango kwa pembe. Kila baada ya muda anainama, anabonyeza kiatu kwa kidole gumba pale kwenye kifundo, anamuuliza, hapa? Na Evelina anasema ukweli. Hapa panabana, baba. Hapa pako sawa. Mimi nafuata na kipande cha mti, nasugua ngozi ilegee pale anapoonyesha. Tumefanya kazi watu watatu bila neno baya hata moja.

Jumamosi, 30 Novemba

Mguu umepona. Magurudumu nimefunga tena, mwalimu kafuta maji uwanjani kwa fagio. Evelina kazunguka polepole mara mbili, ya tatu akaruka.

Kisigino hakikupanda. Nilikuwa natazama kisigino tu, hata sikuona alivyotua, nimeambiwa alitua vizuri. Nimelia kidogo. Mwalimu akajifanya anatafuta filimbi.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimetoa magurudumu, nimeziba matundu ya zamani kwa vijiti vya mti na gundi, nimerudisha vyuma. Nimepima kwa uzi kama vimenyooka. Nimepima tena. Maulida kasema mama utavichosha.

Alhamisi, 12 Desemba

Wameondoka na basi la alfajiri, Evelina, mwalimu na Nkwabi. Viatu vimefungwa kwenye kanga yangu.

Jumamosi, 14 Desemba

Tangu asubuhi sijashona hata tundu moja. Simu nimeiweka juu ya meza, kila ikilia ni mtu anauliza soli yake. Nimeswali adhuhuri, nimeswali alasiri. Nilimwomba Mungu mtoto asianguke kwa sababu yangu. Akianguka kwa sababu nyingine ni riziki yake, lakini isiwe kwa mkono wangu.

Saa kumi na moja akapiga Nkwabi mwenyewe. Kelele nyingi nyuma, muziki, watoto. Nikasema haloo.

"Kisigino hakikupanda, fundi," akasema.

Nikamuuliza, amechukuliwa? Akasema ndiyo, ni wa tano. Alivyolisema hilo ni kama jambo dogo linalofuata baada ya lile kubwa. Mwalimu ndiye aliyenieleza mengine baadaye. Evelina alianguka mara mbili mwanzoni kwa sababu barafu si saruji, kisha akasimama, na yule mama wa Nairobi alipiga magoti akavishika viatu, akauliza vimetengenezwa wapi. Mafunzo yanaanza Julai. Sharti ni lile lile, viatu vimkae.

Jumatano, 25 Desemba

Dorcas kaniletea pilau ya Krismasi kwenye bakuli lenye mfuniko. Daftari halijajaa, Maulida kashindwa.

Jumamosi, 11 Januari

Shule zinafunguliwa Jumatatu, benchi limejaa wazazi. Wa kwanza kaniuliza aongeze namba ngapi. Nikamwambia mlete mtoto. Kasema yuko nyumbani. Nikasema basi kamlete, siwezi kupima mguu ulioko nyumbani. Wawili wamenuna wakaenda kwa fundi mwingine. Waende.

Mchana akaja Evelina na baba yake. Nikalitoa boksi lake, akasimama juu ya mchoro wa Novemba, nikachora upya. Penseli ikapita nje ya mstari wa zamani, mguu wote, nyuma na mbele. Wiki nane tu. Julai vile viatu havitamwingia hata kwa mafuta. Nikamwonyesha Nkwabi mistari miwili, nikangoja aseme kwamba yeye alitaka akue navyo. Ningemwelewa.

Hakusema. Alipitisha kidole juu ya mstari mpya, kutoka kisigino mpaka dole gumba, akamwambia Evelina akamnunulie soda. Mtoto akaenda.

Akabaki amesimama, mzee mzima wa miaka hamsini na kitu. Kisha akakaa, akavua kiatu chake cha kulia. Kilitoka bila kufungua kamba. Ndani kulikuwa na gazeti limekunjwa mara nne, limelowa jasho, limeshika umbo la vidole vyake. Mimi ni fundi wa miaka ishirini na miwili. Nilimsikia mtu huyu akiburuta miguu mbele ya banda langu kila wiki, na nilichokisikia ni maringo.

Nilikata boksi jipya, nikaliweka chini, nikampa mkono asimame. Alisimama wima kama anapigwa picha. Nikapiga magoti nikachora, taratibu, kulia kisha kushoto. Arobaini na moja. Vile alivyokuja navyo ni arobaini na nne.

Nikaandika jina lake juu ya boksi, na namba. Alikuwa ameinama anaangalia mkono wangu.

"Usiongeze," akasema.